Japani kwa usiku 12: chagueni kwanza pa kulala

Swali: Mimi na mke wangu tunaishi Dodoma. Tumejaliwa nafasi ya kwenda Japani katika nusu ya pili ya Novemba, na tukiondoa siku za ndege tutabaki na usiku 12. Kila tunaposoma tunaelekezwa Tokyo, Kyoto na Osaka, lakini sisi tunapenda vijiji na milima kuliko maghorofa. Twende wapi, na tuache wapi? Je, tunaweza kupanda mlima Fuji? Sisi ni Waislamu, kwa hiyo suala la chakula nalo linatusumbua.

Jibu: Ndugu yangu, swali lako limekuja na nusu ya jibu lake, kwa kuwa umehesabu usiku badala ya kuhesabu miji. Wengi wanaoniomba ushauri huniletea orodha ya mahali kumi na tano wanapotaka kufika, na wakirudi hunisimulia foleni. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36, na sehemu kubwa yao hupita njia ileile kwa saa zilezile. Mabasi ya watalii huingia katika vijiji maarufu kwenye saa nne asubuhi na kuondoka kwenye saa kumi jioni, na kijiji ambacho mchana kilikuwa kama uwanja wa maonyesho hubaki jioni na moshi wa majiko, sauti ya mfereji na wenyeji wachache wanaofunga madirisha ya mbao. Kwa hiyo katika mapendekezo yangu nimejiuliza jambo moja kwa kila mahali, yaani kama panafaa kulala, na pasipofaa nimepapitia haraka au nimepaacha kabisa.

Jambo la pili la kukumbuka ni jua. Mwishoni mwa Novemba jua la Kyoto huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na kwenye mabonde ya milimani kivuli huingia mapema zaidi. Aliyezoea mchana wa Dodoma, ambao haubadiliki sana mwaka mzima, hupanga siku yake kwa mazoea hayo kisha akajikuta gizani nusu ya safari. Pangeni matembezi yote ya nje yaanze asubuhi.

Nunueni tiketi ya ndege inayoingia Tokyo na kutokea uwanja wa Kansai karibu na Osaka, ili msilazimike kurudi mlikotoka. Kati ya miji hiyo wengi hufuata reli ya mwendokasi ya Tokaido, iliyofunguliwa mwaka 1964, ambayo huwafikisha Kyoto kwa muda unaozidi saa mbili kidogo tu. Mimi nawashauri mzunguke kwa upande wa pili wa milima: Tokyo usiku 3, Kanazawa usiku 2, bonde la Gokayama usiku 1, Takayama usiku 1, Tsumago usiku 1, Kyoto usiku 3, na Koyasan usiku 1.

Tokyo nimeipa usiku 3 kwa sababu ya uchovu wa ndege na tofauti ya saa sita. Nendeni mtaa wa Yanaka, uliosalimika katika tetemeko la mwaka 1923 na kwa sehemu kubwa ukapona pia mabomu ya mwaka 1945, ambako vichochoro, makaburi na maduka madogo bado vina kimo cha binadamu. Hekalu la Senso-ji huko Asakusa litembeleeni alfajiri, kwa kuwa kufikia saa tatu asubuhi njia ya kuingilia huwa imefurika watu. Mtaweza kuswali Tokyo Camii, msikiti wa mtindo wa Kituruki uliofunguliwa mwaka 2000 karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara. Hata asiyeswali hufika pale kuutazama kuba lake. Maghorofa mtayaona bila ya kuyatafuta.

Sasa Fuji. Kuupanda Novemba hamtaweza. Msimu wa kupanda huanza Julai na kuishia karibu na tarehe 10 Septemba, na baada ya hapo vibanda hufungwa, njia hufungwa, na kileleni huingia barafu na upepo ambao umeua watu waliojiona wazoefu. Mlima huu una meta 3,776, na mtu wa nchi yenye Kilimanjaro anaweza kuudharau kwa kimo, lakini hatari yake ya majira ya baridi haitokani na kimo. Habari njema ni kwamba Novemba ni mwezi mzuri wa kuutazama, kwa sababu hewa huwa kavu na theluji huwa imeshaanza kuukalia kilele. Tengeni siku moja ya Tokyo kwa ajili ya ziwa Kawaguchi, umbali wa saa mbili hivi kwa basi kutoka Shinjuku, ila msiamue siku hiyo mapema mno: tazameni utabiri wa hewa jioni, na asubuhi angalieni picha za kamera za hapo ziwani kabla ya kutoka. Mimi nimewahi kukaa kando ya ziwa hilo siku mbili mfululizo nikitazama ukungu, huku mwenyeji wangu akininyoshea kidole kwa adabu mahali ambapo mlima ungekuwapo.

Kutoka Tokyo, treni ya mwendokasi ya Hokuriku, iliyofika Kanazawa mwaka 2015, huchukua kama saa mbili na nusu. Kanazawa ulikuwa mji wa ukoo wa Maeda, uliokuwa tajiri kuliko watawala wote wa majimbo chini ya shogun, mtawala mkuu wa kijeshi wa Japani, na haukupigwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, ndiyo maana mitaa ya nyumba za samurai na ya nyumba za chai imebaki mahali pake. Bustani ya Kenroku-en ina jambo la kuona hasa mwezi wenu: kuanzia tarehe 1 Novemba watunza bustani husimamisha nguzo ndefu kando ya misonobari na kushusha kamba kutoka kileleni hadi kila tawi, kama mwavuli uliovuliwa kitambaa, ili theluji nzito isiyavunje matawi. Mji huu ndio unaotengeneza karibu dhahabu yote ya Japani inayopondwa kuwa karatasi, nyembamba kiasi cha sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na katika mtaa wa Higashi Chaya mnaweza kuona jinsi inavyobandikwa kwenye vyombo. Chukueni mwavuli. Wenyeji wana msemo kwamba hata ukisahau chakula chako cha mchana usisahau mwavuli, na Novemba watawathibitishia.

Baada ya Kanazawa mnaingia katika sehemu niliyoiweka kuwa kiini cha safari yenu. Kati ya Kanazawa na Takayama kuna mabonde ya mto Sho yenye vijiji vya nyumba zinazoitwa gassho, neno lenye maana ya viganja vilivyounganishwa kwa sala, kwa sababu ndivyo paa zake zilivyosimama. Vijiji vitatu viliwekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1995: Ogimachi, ulio katika Shirakawa-go, pamoja na Ainokura na Suganuma, vilivyo Gokayama. Ogimachi ndio mkubwa na ndio unaochapishwa katika kila kadi ya posta. Ainokura una nyumba kama ishirini tu za aina hii. Lalani Ainokura, kisha mpite Ogimachi asubuhi inayofuata mkiwa njiani kwenda Takayama.

Inafaa mjue mnachokitazama. Paa hizo ni za nyasi, zina mwinamo mkali unaofikia nyuzi 60, na zimefungwa kwa kamba na fito mbichi bila ya misumari, ili jengo liweze kuyumba kidogo chini ya upepo na uzito wa theluji. Darini, ambako joto la jiko lilipanda, familia zilifuga viwavi wa hariri katika ghorofa mbili au tatu. Chini ya sakafu kulikuwa na siri nyingine: watu wa Gokayama walichanganya udongo na majani, kinyesi cha viwavi na mkojo, wakaviacha vioze kwa miaka, kisha wakatoa humo shura, kiungo kikuu cha baruti, waliyoipeleka kwa ukoo wa Maeda kule Kanazawa. Bonde lisilo na njia nzuri lilikuwa mahali salama pa kazi ambayo mtawala hakutaka majirani waijue. Ukisha kulijua hilo, safari ya basi kutoka mji wa dhahabu hadi kijiji cha nyasi huwa safari ya kufuata mali ya mtawala mmoja kutoka mfukoni hadi shambani.

Paa moja hudumu miaka 30 hadi 40. Kuliezeka upya ni kazi ya watu wengi mno kwa kaya moja, kwa hiyo wanakijiji hulipana kazi kwa desturi iitwayo yui, ambayo Mpare angeitambua mara moja kuwa msaragambo: leo tunaezeka kwako, daftari linaandikwa nani alileta nyasi kiasi gani, na zamu yangu ikifika utakuja. Siku hizi mafundi wa kulipwa hufanya sehemu kubwa, lakini desturi haijafa. Moto ndio adui anayeogopwa, na ndiyo maana mtaona mabomba ya maji yaliyofichwa katika vibanda vidogo vyenye paa za nyasi. Msivute sigara wala kuwasha chochote nje, na kumbukeni kwamba humo wanaishi watu. Mlango uliofungwa si wa kuchungulia.

Takayama ni mji mdogo wa maseremala, na mtaa wake wa Sanmachi wa maghala ya pombe ya mchele na nyumba za wafanyabiashara umehifadhiwa vizuri. Tatizo lake ni lilelile la mchana. Fikeni alasiri, tembeeni jioni maduka yakifungwa, na asubuhi nendeni kwenye soko la kando ya mto Miyagawa, ambako wakulima huuza matofaa, mboga zilizotiwa chumvi na uyoga. Takayama Jinya, iliyokuwa ofisi ya maofisa wa shogun, inastahili saa moja. Treni iitwayo Hida inayoshuka kutoka hapo hadi Nagoya hufuata korongo la mto kwa sehemu kubwa ya njia, na ni miongoni mwa safari za reli ninazozipenda kuliko nyingi za mwendokasi, kwa sababu dirishani kuna cha kuona.

Kutoka Nagoya mtapanda treni ya Shinano hadi Nakatsugawa, kama dakika 50, kisha basi hadi Magome. Hapa mnaikuta Nakasendo, barabara ya zamani iliyounganisha Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto kwa njia ya milimani, yenye urefu wa kilometa 530 hivi na vituo 69. Magome ni kituo cha 43 na Tsumago ni cha 42, na kati yake kuna njia ya miguu ya kilometa 8, inayopita misituni, kando ya mashamba na maporomoko mawili madogo. Anzieni Magome. Kituo hicho kiko juu zaidi, kwa hiyo baada ya kupanda hadi kwenye kipito cha meta 800 hivi, njia iliyobaki yote ni ya kuteremka. Watu wa kawaida huchukua saa tatu wakiwa na mapumziko. Njiani kuna kengele zilizotundikwa kwa ajili ya kufukuza dubu. Zipigeni bila ya haya, kwa kuwa matukio ya dubu nchini Japani yameongezeka miaka ya karibuni, ingawa zaidi ni kaskazini.

Tsumago ulisahauliwa pale reli ilipopita upande mwingine wa bonde mwanzoni mwa karne ya 20, na umaskini huo ndio uliouhifadhi, maana hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Wakazi walipoamua kuutengeneza, waliwekeana mwaka 1971 ahadi ya mambo matatu: kutouza, kutokodisha na kutobomoa. Nyaya za umeme zimefichwa na magari hayaruhusiwi katika barabara kuu mchana. Nimewahi kusikia wageni wakilalamika kwamba usiku hakuna cha kufanya Tsumago. Ni kweli, taa za karatasi huwashwa milangoni, mnakula saa kumi na mbili, mnatoka kutembea dakika ishirini katika barabara tupu, mnarudi kulala. Kama jambo hilo halitawafurahisha, badilisheni usiku huo mwongeze Kyoto.

Kyoto, mji mkuu tangu mwaka 794 hadi mfalme alipohamia Tokyo katika karne ya 19, ndiko penye hazina nyingi kuliko zote na ndiko nilikoona wageni wengi wakikata tamaa, hasa wiki mbili za mwisho za Novemba, majani ya miti iitwayo momiji yanapogeuka mekundu. Mtafika katikati ya wiki hizo hizo. Weka nafasi ya hoteli miezi mingi kabla, karibu na kituo cha treni za chini ya ardhi, na yaepukeni mabasi ya mji, yanayojaa hadi wenyeji wenyewe wanashindwa kupanda. Asubuhi ya kwanza nendeni Fushimi Inari, mahali pa ibada palipo mlimani, kabla ya jua kuchomoza. Kituo chake ni cha pili kutoka kituo kikuu, na mlima haufungwi usiku wala mchana. Malango mekundu kwa maelfu yaliyopangwa njiani yametolewa na wafanyabiashara na watu binafsi, na majina yao yameandikwa kwa nyuma, hivyo anayepanda haoni maandishi yoyote, na anayeteremka huyaona yote. Wengi hupiga picha robo ya njia na kurudi, na hapo ndipo utulivu unapoanza.

Hekalu la Kiyomizu-dera, lenye jukwaa la mbao la mwaka 1633 lililoning'inia juu ya bonde, lifanyeni asubuhi ya pili saa kumi na mbili, linapofunguliwa. Hekalu la Dhahabu mnaweza kuliacha bila ya majuto makubwa: jengo la awali lilichomwa moto mwaka 1950, lililopo lilimalizika mwaka 1955, na ingawa ni zuri kwa kweli, utalitazama kutoka kwenye uzio mmoja ukisukumwa na foleni. Mkienda mtaa wa Gion msiingie vichochoro binafsi vyenye mabango. Tangu mwaka 2024 kuna faini ya yeni 10,000. Siku moja iwe ya Nara, dakika 45 kwa treni, mkamwone Buddha wa shaba wa hekalu la Todai-ji mwenye kimo cha meta 15 hivi, aliyezinduliwa mwaka 752, pamoja na paa zaidi ya elfu moja wanaozurura mjini na ambao, kwa ajili ya biskuti, wameshajifunza kuinamisha kichwa. Ficheni karatasi zenu, maana huzila.

Usiku wa mwisho nimeuweka Koyasan, mji wa mahekalu ulio kwenye uwanda wa meta 800 hivi juu ya usawa wa bahari, ulioanzishwa na mtawa Kukai mwaka 816. Mahekalu kama hamsini hupokea wageni wa kulala. Kivutio chake ni Okunoin, makaburi zaidi ya 200,000 chini ya mierezi mirefu, kando ya njia ya kilometa 2 inayoishia mahali ambapo wafuasi wake wanaamini kwamba Kukai bado amekaa katika tafakuri tangu mwaka 835. Watawa humpelekea chakula kila siku. Ibada ya asubuhi ni ya hiari kwa mgeni. Kwenu faida kubwa ni meza: chakula cha mahekalu hayo hakina nyama wala samaki, hata supu yake huchemshwa kwa mwani na uyoga. Ulizeni tu kuhusu mirin, yaani pombe tamu ya kupikia, na pombe ya mchele iitwayo sake katika michuzi.

Swali hilo hilo la michuzi mtalibeba nchi nzima, kwa sababu nyama ya nguruwe ni rahisi kuiona na kuikataa, lakini pombe hutiwa katika mchuzi wa samaki, wa mboga na hata wa wali. Andikieni kila nyumba ya wageni wiki kadhaa kabla, kwa Kijapani, mkitaja vitu vyenyewe: nguruwe, mafuta yake, nyama isiyochinjwa kihalali, sake, mirin. Mkitaja neno halali peke yake katika kijiji cha milimani, mwenyeji atababaika kwa adabu na asiwaambie. Mabafu ya maji moto ni ya pamoja, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na watu huoga uchi. Asiyeridhia aulize bafu la familia, ambalo nyumba nyingi hulitoa kwa zamu. Oga kwa sabuni kwanza nje ya birika, kisha ndipo uingie.

Hiroshima nimeiacha kwa masikitiko. Kutoka Kyoto ni chini ya saa mbili, na anayetaka kusimama mbele ya jengo lililobaki baada ya bomu la tarehe 6 Agosti 1945 hana haja ya kushawishiwa na mtu. Mkiamua kwenda, toeni Koyasan, na usiku huo lalani kisiwa cha Miyajima, maji ya bahari yanapolizunguka lile lango jekundu na boti za watalii zimekwisha. Hokkaido, kreta ya Aso na msitu wa mvua wa Yakushima ni safari nyingine kabisa. Kila kimoja kitawachukulia siku tatu hata nne.

Kuhusu fedha, pasi ya reli ya siku saba ilipandishwa Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, na kwa njia hii hamuihitaji: tiketi zenu za kawaida zikijumlishwa hazifiki hapo, na mabasi ya milimani hayamo katika pasi. Masanduku makubwa yatumeni kutoka Kanazawa moja kwa moja hadi hoteli ya Kyoto kwa huduma ya kupeleka mizigo, inayopatikana katika hoteli karibu zote, nanyi mpande milima na begi la mgongoni. Bila hivyo, njia ya Magome itawatesa.

Kabla ya kununua tiketi yoyote, hata ya ndege, hakikisheni kwanza usiku wa Ainokura. Nyumba zinazopokea wageni pale ni chache, kila moja ina vyumba vichache, na tarehe yake ndiyo itakayopanga nyingine zote. Mkikosa, jaribuni Ogimachi kwa tarehe hiyo hiyo. Mkikosa na huko, sogezeni safari nzima mbele au nyuma kwa siku mbili, mjaribu tena.